Nusu ekari si 35 kwa 35

Kila tunaporudi nyumbani likizo, watoto wa jumuiya hutuletea madaftari ya Hisabati. Safari hii swali gumu halikutoka darasani. Baba mmoja, nje kidogo ya mji wa Tunduma, alinunua nusu ekari ya shamba. Ekari, kama wengi tunavyopima huku, ni hatua 70 kwa 70. Muuzaji akagawa kila upande kwa mbili, akahesabu hatua 35 kwa 35, wakaandikishiana. Mtoto wa darasa la sita ndiye aliyesema hesabu haikai sawa.

Tulichora pamoja mavumbini. Chora mraba wa hatua 70 kila upande, ukate katikati kwa mstari wa kusimama, kisha kwa mstari wa kulala. Utapata vipande vinne vinavyolingana, kila kimoja 35 kwa 35. Baba yule alilipia nusu akapewa robo! Kwa tarakimu, 70 × 70 ni 4,900, na 35 × 35 ni 1,225, ambayo huingia humo mara nne. Nusu ekari ni hatua 35 kwa 70. Akitaka kiwanja cha mraba, apime karibu 50 kwa 50.

Wala tusimcheke. Tumezoea uwiano wa sokoni: debe moja la mahindi lina bei yake, madebe mawili bei mara mbili. Eneo lina urefu na upana, na kila kimoja kinazidisha kwa upande wake. Kigango kikijengwa upya kwa urefu mara mbili na upana mara mbili, sakafu yenye unene uleule itakula saruji mara nne. Kamati za ujenzi zisikie hapo kabla ya kutangaza michango.

Hatua nazo zina mtego. Ekari ni takriban mita za mraba 4,047, kwa hiyo hatua 70 zinadai hatua ya sentimita 91 hivi, ambayo ni ndefu. Mnunuzi akipimiwa na mtu ambaye hatua yake ni pungufu kwa sehemu moja ya kumi, atapata 0.9 × 0.9, yaani 0.81 ya ekari. Karibu sehemu moja ya tano imepotea. Kamba ya mita ni salama zaidi: mita 64 kwa 64 hivi.

Kwa vitu vyenye kimo pia, tofauti huwa kubwa zaidi. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Tukichonga mfano wake kwa chuma cha aina ileile, umbo lilelile, urefu sentimita 30, utakuwa na uzito gani? Wengi hujibu tani 1.6. Lakini urefu, upana na kimo vyote vimegawanywa kwa 10, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 1,000: kilo 16, mzigo wa kubeba begani.

Baba yule amemwita muuzaji pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Jumamosi wanapima upya, kwa kamba.