Tumkumbuke Bibi Zura, Mkulima wa Musamo



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, mikataba na ajali za kazini. Safari hii tunamkumbuka mkulima mmoja ambaye hakuwahi kuwa na kadi ya chama chochote cha wafanyakazi. Jina lake ni Zura Karuhimbi. Alifariki mwezi wa Desemba 2018 nyumbani kwake katika kijiji cha Musamo, wilaya ya Ruhango. Hati za serikali zilisema alikuwa na miaka 93. Mwenyewe alisema amekwisha kupita mia.

Ruhango ni nchi ya mihogo. Huko Kinazi kipo kiwanda cha unga wa mihogo, na mihogo hiyo inatoka katika mikono ya watu wanaoamka na jembe kabla jua halijatoka. Bibi Zura alikuwa mmoja wa watu wa jembe. Mwaka 1994 alikuwa mjane mzee, mwenye nyumba ya vyumba viwili na shamba lake. Alikuwa pia na ujuzi wa majani na mizizi ya dawa, maana alizaliwa katika ukoo wa waganga. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake.

Vijana wetu wengi hawakuwapo wakati ule, kwa hiyo tueleze kidogo. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji walianza kumpa kila mtu mzima kipande kilichoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Watu wa lugha moja na kilima kimoja wakagawanywa kwa karatasi. Wakoloni wakaondoka, karatasi ikabaki. Aprili 1994 karatasi hiyo ndiyo iliyoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, hata hapa Kigali. Mwandishi wa kipande alikuwa amekwisha kuamua nani afe. Kwa muda wa siku mia hivi Watutsi waliuawa, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Wengine huhesabu watu zaidi ya laki nane, serikali yetu huhesabu zaidi ya milioni moja.

Katika siku hizo watu walikimbilia kwa Bibi Zura. Aliwaficha chini ya kitanda, akawaficha darini, na inasimuliwa kwamba wengine aliwachimbia shimo shambani. Walikuwamo Watutsi, Warundi, na hata Wazungu watatu. Walikuwamo watoto wachanga waliookotwa kando ya mama zao waliokufa. Kwa jumla walikuwa watu zaidi ya mia moja, katika nyumba ya vyumba viwili.

Interahamwe walipofika mlangoni na mapanga, mzee huyu hakuwa na bunduki wala askari wa kumlinda. Alichokuwa nacho ni sifa mbaya: majirani walimdhania ni mchawi. Akaitumia sifa hiyo. Alipaka majani yanayowasha mwilini mwake na kwenye nyumba, ili atakayegusa awashwe ngozi. Alitikisa bangili zake kwa kelele, akawaonya kwamba atakayeingia atakuwa amejichimbia kaburi, kwa kuwa Nyabingi atamkasirikia. Wauaji wakaogopa, wakarudi nyuma. Baadaye mwenyewe alieleza wazi kwamba hakuwa mchawi hata kidogo. Alimwamini Mungu tu, na uchawi ulikuwa hila ya kuokoa roho za watu.

Hilo jina la Nyabingi lina historia yake. Kaskazini ya Rwanda na Kigezi ya Uganda, watu walilitumia zamani kupinga wakubwa waliowaonea. Mwanamke aliyeitwa Muhumusa aliongoza upinzani kwa jina hilo hata Waingereza wakamkamata mwaka 1911. Kwa hiyo Bibi Zura hakuokota neno la ovyo njiani. Alichukua jina ambalo wanyonge walikwisha kulifanya ngao.

Wala mwaka 1994 haukuwa mara yake ya kwanza. Alisimulia kwamba katika fujo za 1959 alimshauri mama mmoja wa Kitutsi amfunge shanga kichwani mtoto wake wa kiume, ili aonekane msichana asiuawe. Alisema mtoto yule ndiye aliyekuja kuwa Rais Paul Kagame. Mwaka 2006 Rais huyo alimvika nishani ya taifa ya waliopinga mauaji ya kimbari. Akarudi na nishani yake Musamo, katika nyumba ileile.

Kwa nini tunayaandika haya katika gazeti la wafanyakazi? Kwa sababu neno tunalolisikia kila siku kazini ni hili: "Mimi ni mtu mdogo, nitafanya nini?" Msimamizi anamfukuza mama mjamzito, tunanyamaza. Wanatugawa kwa kabila, kwa dini, wa kudumu na vibarua, tunakubali. Mwaka 1994 wengi waliosema wameamriwa walikuwa na nguvu kuliko mjane wa Musamo. Yeye alikataa kwa majani na bangili.

Hapa kwetu Nyamirambo pia walikuwapo waliokataa. Kituo cha mayatima cha Gisimba kilihifadhi watu wapatao 400, na Damas Gisimba aliyekiongoza alifariki mwaka 2023. Lakini watu hawa walikuwa wachache, na kila mmoja alisimama karibu peke yake. Hilo ndilo linalotuuma. Kama kila kilima kingekuwa na watu kumi tu waliozoea kusema hapana kwa pamoja, Bibi Zura asingelazimika kujifanya mchawi. Mazoea hayo hayaji siku ya hatari. Yanajengwa kwenye mikutano ya tawi, katika mambo madogo ya mizani ya chai na saa za ziada.

Tunawaomba viongozi wa matawi wawatafute wazee wetu, hasa wajane wa mashambani, wawasikilize, na maneno yao yaandikwe wakiwa bado hai. Nishani ni jambo jema, ila mzee huhitaji pia kuni, maji na mtu wa kumjulia hali.

Mungu amlaze pema Bibi Zura. Mshikamano udumu!