Je, Wajua? Tone la mafuta ya maziwa limevikwa utando wa seli

Mama wa Kibarbaig anaposukasuka kibuyu cha maziwa huko Hanang, au jirani yake wa Kiiraqw kule Mbulu, anapasua mabilioni ya tando za seli.

Seli ya kiwele haitoi mafuta matupu. Kila tone hutoka limefunikwa na kipande cha utando wa seli yenyewe! Kisha seli hiyo hujijengea utando mwingine, na kazi huendelea mkamuo baada ya mkamuo.

Utando huo umejengwa kwa lipidi zenye kichwa na mikia miwili. Kichwa hupenda maji, mikia huyakimbia. Hivyo hujipanga safu mbili: mikia ndani, vichwa nje. Tando 100,000 zikipandana hazifiki unene wa milimita moja. Tone la mafuta lina pia safu ya tatu, ambayo liliivaa tangu likiwa ndani ya seli.

Utando ukipasuka, mafuta hushikamana na kuwa siagi. Siagi ikichemshwa, ni samli. Tando nyingi hubaki kwenye maziwa yanayobaki kibuyuni siagi ikitolewa, zikiwa na sfingomielini, lipidi iliyomo pia kwenye ala inayofunika neva zetu.