FAILI LA NYANYA LIKO WAPI?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usia huo ni mzuri, lakini mimi nina swali: je, daftari lenyewe likipotea? Msomaji mpendwa, keti nikusimulie yaliyotupata, kisha nitakueleza jinsi tarakilishi inavyoweza kuutibu ugonjwa huu wa kupoteza madaftari, na pale inaposhindwa.

Nyanya yangu ana shinikizo la damu, au presha kama tunavyoiita kijijini. Miaka kadhaa iliyopita alipewa tembe zenye salfa kwa sababu ya kikohozi. Lo! Midomo ilimvimba na ngozi ikamtoka malengelenge mwili mzima. Alilazwa siku tisa. Alipopata nafuu, daktari aliandika juu ya faili lake kwa wino mwekundu: ASIPEWE SALFA.

Likizo ya Agosti iliyopita nilimsindikiza kwenye kituo cha afya. Tulifika saa moja asubuhi tukapanga foleni. Karani aliingia katika chumba cha mafaili akaanza kupekua. Rafu zilikuwa zimejaa hadi darini, na mafaili mengine yalikuwa yamerundikwa sakafuni. Alitafuta, akatafuta, lakini wapi! Baada ya saa mbili alitoka mikono mitupu.

"Nyanya, faili halionekani. Nunua daftari pale nje tuanze upya."

Tukanunua daftari la shilingi ishirini. Daktari tuliyemkuta alikuwa mgeni, na nje watu walikuwa wengi kama siafu. Akamsikiliza Nyanya kifua, akaandika dawa, tukaenda dirishani. Nyanya alipozipokea zile tembe nyeupe alizigeuza mkononi, akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu nisomee hapa. Hizi si zile za mwaka ule?"

Nikasoma. Zilikuwa na salfa.

Tulirudi mbio kwa daktari. Alizichukua zile dawa, akashika kichwa. "Nyanya, mbona hukuniambia?"

"Mwanangu," Nyanya akajibu, "nilijua imeandikwa kwenye faili."

Maneno hayo hayajanitoka kichwani. Daktari hakuwa mtu mbaya. Nyanya naye hakukosa. Kila mmoja aliliamini faili, nalo faili halikuwapo. Ndiyo sababu mlezi wa chama chetu alipotuomba makala, sikutafuta mada nyingine.

MFUMO HUU NI KITU GANI?

Watu wengi wakisikia "mfumo wa kidijitali" hudhani ni kununua tarakilishi na kuiweka mezani pa karani. La hasha! Tarakilishi ni kama rafu tu. Mfumo ni ule mpango mzima wa nani anaandika, anaandika nini, wapi, na nani anaruhusiwa kusoma.

Kwanza, kila mgonjwa hupewa namba yake peke yake. Majina hayatoshi. Kwetu ukiita Mary Wanjiku katika foleni, watasimama watatu. Isitoshe, wazee wengi hukadiria tu mwaka waliozaliwa. Namba haigongani na namba nyingine.

Pili, habari huandikwa mara moja na kusomwa katika vyumba vyote. Anachoandika daktari huonekana maabara na pia kwenye dirisha la dawa. Hakuna wa kubeba faili kwapani, na hakuna wa kuliangusha njiani.

Tatu, mfumo uliotengenezwa vyema unaweza kutoa onyo. Daktari akiandika dawa ambayo mgonjwa haivumilii, maandishi hujitokeza kwenye kioo kumzuia. Lakini angalia: tarakilishi haijui kitu ambacho haikuambiwa. Kama hakuna aliyeingiza neno "salfa" katika rekodi ya Nyanya, mashine itanyamaza kimya kama lile daftari la shilingi ishirini.

MFANO WA MOSORIOT

Pengine unafikiri mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Hapana. Mojawapo ya mifumo ya kwanza ya aina hii katika Afrika ilianzia hapa kwetu Kenya, katika kituo cha afya cha mashambani huko Mosoriot, Nandi, kwenye barabara itokayo Eldoret kwenda Kapsabet. Ilikuwa mwaka 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani.

Mfumo wenyewe haukuwa na makuu. Zilikuwa tarakilishi mbili zilizounganishwa, na betri za nguvu za jua za kusaidia stima inapopotea. Mgonjwa aliandikishwa mlangoni akapewa karatasi, akazunguka nayo vyumbani, na alipokuwa akitoka karani aliyaingiza yaliyoandikwa. Watafiti waliposhika saa kupima, waligundua kuwa muda wa mgonjwa kituoni ulikuwa umepungua kwa asilimia 22. Lakini waligundua jambo jingine pia: muda ambao wahudumu walikaa na wagonjwa nao ulipungua. Kwa hiyo usidhani kila dakika inayookolewa na mashine humrudia mgonjwa. Hilo hutegemea mtu, si mashine.

Mbegu hiyo haikuoza. Mwaka 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, pamoja na wenzao wa shirika la Partners In Health, walianza kutengeneza programu iitwayo OpenMRS. Hii ni programu huria, yaani hainunuliwi, na nchi yoyote inaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha ifae mahitaji yake. Mwaka 2006 ilianza kazi Eldoret katika mpango wa AMPATH, uliokuwa ukiwahudumia maelfu ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kutokana nayo ukazaliwa mwaka 2012 mfumo wetu wa KenyaEMR, ulioenezwa katika kliniki nyingi za tiba hiyo. Mgonjwa wa aina hii humeza dawa maisha yake yote, na siku asiyotokea kliniki ni lazima ajulikane upesi. Daftari haliwezi kukuambia nani hakuja. Tarakilishi inaweza.

KUMJUA NYANYA NA KUHESABU KINA NYANYA

Hapa wengi huchanganya mambo mawili, nami nilichanganya pia hadi nilipoelezwa na karani mmoja wa rekodi. Kuna mfumo wa kumtibu mtu, na kuna mfumo wa kuhesabu watu.

Kila mwisho wa mwezi karani hupitia rejista mstari kwa mstari akipiga vijiti: malaria wangapi, kuhara wangapi, watoto waliochanjwa wangapi. Jumla hizo hupelekwa juu. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia nchi nzima mfumo wa DHIS2, unaopitia kwenye intaneti. Mfumo huu una asili yake Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ukaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Jumla zikishaingizwa humo, mkuu wa afya wa kaunti na wizara kule Nairobi wanaziona bila kungoja gari la kubeba makaratasi. Malaria ikipanda ghafla mahali, dawa na vyandarua vinaweza kuelekezwa huko.

Ni jambo jema sana. Ila mfumo huo unajua wagonjwa wa presha ni wangapi, haumjui Nyanya. Kaunti inaweza kuwa na takwimu safi kabisa huku mafaili yakiliwa na panya. Nchi inahitaji mifumo yote miwili, tena inayozungumza. Mfumo mmoja usipousikia mwingine, karani huandika jambo moja mara tatu, na anayeandika mara tatu hukosea.

VIKWAZO

Nikikuambia kuwa njia ni nyeupe nitakuwa nakudanganya. Kikwazo cha kwanza ni stima. Ikikatika na hakuna betri wala jenereta, kituo kizima husimama. Ndiyo maana vituo vyenye busara huweka karatasi karibu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Cha pili ni kazi maradufu. Mahali pengi wahudumu hujaza rejista ya karatasi, halafu wakaijaza tarakilishi. Muuguzi mwenye wagonjwa sitini atakuambia, "Nichague: nimtibu mgonjwa au niitibu mashine?" Asipopunguziwa karatasi ataichukia tarakilishi, na hatakosea.

Cha tatu ni siri. Siri ya mtungi muulize kata, lakini siri ya mgonjwa haifai kuulizwa kila mtu. Faili moja likiibwa, aibu ni ya mmoja. Rekodi za tarakilishi zikiibwa, ni za maelfu kwa mara moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na mwaka 2023 ikatiwa saini Sheria ya Afya ya Dijitali. Hata hivyo, sheria haifai kitu kama wahudumu wanne wanatumia nywila moja iliyobandikwa ukutani.

Cha nne ni pesa. KenyaEMR ilijengwa kwa msaada wa Marekani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilionekana wazi kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Mashine, mafundi na malipo ya intaneti vinafaa kuwa katika bajeti yetu wenyewe mwaka baada ya mwaka.

TUFANYE NINI LEO?

Sisi wanafunzi hatuna uwezo wa kununulia kituo cha afya tarakilishi. Lakini kuna jambo dogo tunaloweza, nami nimelifanya. Niliporudi nyumbani siku ile nilichukua kipande cha kadi ngumu, nikaandika jina la Nyanya, ugonjwa wake, dawa anazomeza, na kwa herufi kubwa: ASIPEWE SALFA. Nikakipiga picha kwa simu ya Mama, ili kikipotea tusianze upya.

Ndugu msomaji, fanya hivyo kwa babu na nyanya yako likizo hii. Waulize dawa zao zinaitwaje, si rangi yake tu. Waulize ni dawa gani iliwahi kuwadhuru. Nao wakienda kutibiwa waionyeshe hiyo kadi wao wenyewe, wasingoje kuulizwa. Siku mfumo utakapofika kituo chenu, karani atahitaji mtu wa kumwambia yale yote, na habari zitakuwa tayari.

Nyanya aliitazama ile kadi kwa muda, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso yake pamoja na noti ya nauli.

"Hili," akasema, "ndilo faili ambalo najua liliko."