Nani Atamjengea Mwalimu?

Ndugu msikilizaji, ukitoka katikati ya Dar es Salaam kuelekea Chanika au Goba, utayaona mapagale mengi njiani: kuta zisizo na paa, nondo zilizoshika kutu, majani yameota panapotazamiwa kuwa sebule. Mpita njia hudhani mwenyewe ameishiwa. La hasha! Mwenyewe ni mwalimu, muuguzi au karani, na ujenzi unaendelea. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, na mwaka wa tatu, Mungu akijalia, atapaua.

La kujiuliza ni hili: kwa nini mtu mwenye mshahara wa kila mwezi ajenge tofali kwa tofali, ilhali zipo kampuni zinazojenga nyumba za kuuza?

Sababu ya kwanza ni ardhi. Kampuni ikinunua shamba pembezoni mwa mji, mara nyingi haikuti barabara, maji wala mitaro. Hulazimika kuvileta yenyewe, na gharama hiyo huingizwa katika bei ya nyumba. Ongeza saruji, nondo na riba ya fedha ilizokopa. Mwisho wake bei humpita mwalimu, na kampuni humgeukia tajiri. Si roho mbaya; ni hesabu ya biashara.

Sababu ya pili ni mkopo. Tuchukulie nyumba ya shilingi milioni 40, mkopo wa miaka 15, riba asilimia 15. Mkopaji atalipa karibu shilingi 560,000 kila mwezi, na hadi anamaliza atakuwa ametoa zaidi ya milioni 100. Tukitaka makato yasizidi theluthi moja ya mshahara, inampasa apate karibu shilingi 1,680,000 kwa mwezi. Ni walimu wangapi wanaofika hapo?

Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza mwaka 1973, ilifungwa mwaka 1995. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu. Ni hatua njema. Lakini benki hudai hati, na wengi wamejenga kwenye viwanja visivyopimwa.

Basi mtumishi hujenga mwenyewe, naye hulipa mara mbili. Mkono mmoja unampa mwenye nyumba kodi, mara nyingi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mkono wa pili unanunua tofali. Fedha aliyoizika ndani ya pagale haimpi kivuli wala haimpunguzii kodi, na wakati huo bei ya bati inapanda.

Kwa maoni yangu, tusimsubirie mwekezaji amjengee mwalimu. Tumsaidie mwalimu ambaye tayari anajenga. Kwanza, viwanja vipimwe kabla watu hawajavamia, kama ulivyofanya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 katika sehemu kama Kibada, Tuangoma na Buyuni. Barabara na maji navyo vitangulie nyumba. Pili, pawepo mikopo midogo ya hatua kwa hatua: mkopo wa bati na mbao unaolipwa kwa miaka miwili au mitatu, badala ya deni la kumfikisha uzeeni. Mtu akishapaua, huhamia hata kama plasta bado, na ile kodi aliyokuwa akilipa ndiyo humalizia nyumba.

Hata kampuni zitanufaika. Zikikuta barabara na maji tayari, zitaweza kuuza kwa bei nafuu zaidi.

Haba na haba hujaza kibaba, ndugu msikilizaji. Lakini kibaba chenye tundu hakijai, na tundu la mtumishi wetu ni kodi anayolipa huku nyumba yake ikinyeshewa mvua.