Kazi ya kuuza dawa kwa madaktari: mshahara mzuri, lakini fahamu haya



Kila tukikutana kwenye harusi na misiba yetu hapa Marekani, vijana waliosomea unesi, famasia au biolojia huniuliza kuhusu kazi ya kuzungukia madaktari kwa niaba ya kampuni za dawa. Wanawaona wenzao wamevaa suti, wana gari la kampuni na hawana zamu za usiku. Ukilinganisha na kubeba maboksi, kazi hiyo inatamanisha. Wazee nao wana swali lao: "Mwanangu, daktari kanipa dawa bure. Inatoka wapi?" Maswali haya mawili yana jibu moja. Mimi ni nesi, nimesomea nyumbani na tena huku, na kwenye kliniki nilizofanyia kazi watu hawa nimewaona wakiingia na kutoka kwa miaka mingi.

REPU NI NANI?

Kwa kifupi huitwa marepu. Repu si lazima awe mfamasia wala tabibu. Kampuni nyingi hutaka digrii ya kwanza, mara nyingi ya fani yoyote, kisha humfundisha habari za dawa chache atakazozitangaza. Hupewa eneo lake na orodha ya madaktari wa kuwatembelea. Kwa kawaida daktari hanunui kitu kwake. Repu anachotafuta ni daktari aandike jina la dawa yake kwenye cheti cha mgonjwa.

Kampuni inajuaje kama ameandika? Hununua takwimu zinazotoka kwenye maduka ya dawa. Jina lako mgonjwa halimo, lakini la daktari limo, pamoja na dawa alizoandika na mara ngapi. Jimbo la Vermont lilitunga sheria ya kuzuia takwimu hizo zisitumike kibiashara bila ridhaa ya daktari, lakini Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua mwaka 2011. Basi repu anapoingia kliniki, anaweza kuwa anajua tayari daktari yule anapenda dawa ya nani.

MSHAHARA NA JASHO LAKE

Malipo huwa mafungu mawili: mshahara wa msingi, na bonasi inayotegemea vyeti vinavyoandikwa kwenye eneo lako. Ukifikia lengo la miezi mitatu, lengo linalofuata laweza kupandishwa. Utaendesha gari kutwa, utakaa mapokezi saa nzima ili uzungumze na daktari dakika mbili kwenye korido. Hospitali nyingi siku hizi haziwaruhusu kabisa au zinawataka waombe miadi. Haki miliki ya dawa ikiisha, dawa za jeneriki za bei nafuu zikiingia, kikosi kizima chaweza kupunguzwa kazi.

Tena usitegemee malipo ya saa za ziada. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua katika shauri la marepu wawili kwamba wao ni wauzaji wa nje ya ofisi, hivyo sheria ya taifa ya saa za ziada haiwahusu. Na kwa ndugu zangu ambao makaratasi hayajakaa sawa: viza ya H-1B hudai kazi inayohitaji taaluma maalumu, na kazi inayopokea digrii yoyote ni vigumu kuiombea.

Kuna jambo zito zaidi. Repu anaruhusiwa kuitangaza dawa kwa matumizi tu yaliyoidhinishwa na FDA, idara inayosimamia chakula na dawa. Lakini bosi anapotaka namba, ulimi huteleza. Kampuni ya Purdue ilianza kuuza OxyContin, dawa kali ya maumivu, mwaka 1996. Mwaka 2007 ilikiri mahakamani kwamba dawa hiyo ilitangazwa kwa kudanganya juu ya hatari ya uraibu, na malipo yalizidi dola milioni 600. Maneno yale yalifikishwa kwa madaktari na marepu, vijana wenye suti kama hao tunaowatamani.

CHAKULA CHA MCHANA NA SAMPULI

Tangu Januari 2009 kampuni zinazofuata kanuni za chama chao ziliacha kugawa kalamu na vikombe. Chakula cha kliniki kimebaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA Internal Medicine uliona kwamba madaktari waliopokea hata mlo mmoja waliandika zaidi dawa iliyotangazwa, na milo hiyo kwa wastani haikufika dola 20. Hii haithibitishi kwamba mlo ndio uliosababisha, wala haina maana daktari wako amehongwa. Ina maana na yeye ni binadamu.

Sampuli za bure nazo huletwa na marepu. Mara nyingi ni dawa mpya zenye jina la biashara, na boksi ni la siku chache. Presha inashuka, unafurahi. Kisha unakwenda duka la dawa na cheti, unatajiwa bei, na bima huna. Nimewaona wagonjwa wakirudi na presha juu kwa sababu sampuli ziliisha nao wakanyamaza. Wengine huzituma kwa mama Tanga au Mombasa. Mama anaacha dawa yake ya siku zote, ile mpya inaisha, na pengine kule haipatikani.

UFANYE NINI?

1. Ukipewa sampuli, uliza hapo hapo: "Zikiisha, kila mwezi nitalipa kiasi gani? Kuna ya jeneriki?" Jeneriki ina kiambato kile kile na nguvu ile ile. Amlodipine na lisinopril za presha, na metformin ya sukari, ni dawa za zamani, nafuu, na zinafanya kazi.

2. Usiache dawa ghafla kwa sababu ya bei. Piga simu kliniki useme ukweli, nesi hatakucheka.

3. Usimtumie mzazi sampuli yako. Mtumie fedha anunue dawa aliyoandikiwa na daktari wake kule.

4. Sampuli haziuzwi. Sheria ya mwaka 1987 inakataza. Ukiuziwa, usinunue.

5. Ukitaka kujua daktari wako amepokea nini kutoka kampuni za dawa, tafuta jina lake kwenye tovuti ya serikali iitwayo Open Payments, iliyofunguliwa mwaka 2014.

Nanyi vijana, sisemi kazi hii ni haramu. Wapo marepu waaminifu wanaomweleza daktari madhara ya dawa kama wanavyomweleza faida. Ukiitaka, iendee macho wazi: uliza bonasi inapimwaje, uliza waliokutangulia waliondoka kwa nini, na leseni yako ya unesi au ufamasia usiiache ikaisha muda. Siku ukiambiwa useme jambo ambalo usingemwambia mama yako anayeinywa dawa hiyo, leseni hiyo ndiyo itakayokupa pa kwenda.