Uchaguzi wa Silaha za Jadi kwa Mafunzo ya Kujihami Shuleni

Mwalimu wa michezo aliye katika kata ya Ibaba, wilayani Ileje, hana duka la vifaa vya michezo karibu naye. Akitaka fimbo za kiwandani kwa ajili ya mazoezi ya kujihami, hana budi kuziagiza Tunduma, Mbeya au mbali zaidi, na kulipia nauli juu ya bei. Lakini miti imemzunguka. Makala haya yana kusudi la kueleza jinsi mwalimu huyo, na wenzake walio katika hali kama yake, wanavyoweza kupata fimbo za gharama ndogo, zitakazodumu na zisizomdhuru mwanafunzi.

Silaha ya mafunzo si silaha ya vita

Watu wengi wanaposikia silaha za jadi hufikiria mkuki, panga na rungu zito. Hivyo havina nafasi katika somo la watoto. Watu wa pwani wametupa mifano iliyo bora. Katika kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa Lamu, watu wawili hukabiliana huku ngoma na zumari zikilia, na watazamaji husifu wepesi na ustadi wao. Huko Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa ifanyikayo mwezi wa Julai, wanaume hupigana kwa migomba. Mgomba ni laini na umejaa maji. Hupondeka kabla ya kumvunja mtu mfupa.

Mataifa mengine pia yamelitafakari jambo hili. Wajapani hufunga pamoja vipande vinne vya mwanzi ili kupata upanga wa mazoezi unaonepa. Wafilipino, ambao mwaka 2009 waliufanya arnis kuwa mchezo wao wa taifa, hutumia henzarani, kwa kuwa ikichakaa huchanua nyuzi kama brashi na haitoi vibanzi vikali.

Kutokana na mifano hiyo twapata kanuni moja: fimbo njema ya mafunzo hudumu muda mrefu, na siku ikivunjika, huvunjika bila kumjeruhi mtu. Uzito na ugumu peke yake si dalili ya ubora.

Kuchagua mti

Linalotazamwa kwanza ni nyuzi za mti. Nyuzi zikienda sawa kutoka ncha hadi ncha, fimbo hunepa na kurudi. Zikikatiza upande, fimbo hukatika ghafla na kuacha ncha kali kama mkuki. Kwa hiyo fimbo iliyokatwa ikiwa tawi zima lililonyooka ni imara kuliko iliyopasuliwa ovyo kutoka ubao.

(a) Mpera ni mti mgumu unaonepa, na wengi huutumia kwa mipini. Unafaa sana.

(b) Mkahawa una mti mzito na imara. Pale unapolimwa, mikahawa mikuukuu inapokatwa ili ichipue upya, mwalimu aombe matawi yaliyonyooka.

(c) Mkaratusi hupatikana kwa urahisi, lakini huelekea kupinda na kupasuka unapokauka. Ukate mingi, kisha uchague michache.

(d) Msindano ni laini mno kwa kugonganisha. Utumike kwa mazoezi ya mtu mmoja tu.

(e) Mwanzi ni mwepesi, lakini ukipasuka kingo zake hukata kama wembe. Uchukuliwe uliokomaa kwa miaka mitatu au zaidi, ulowekwe majini majuma kadhaa ili kupunguza wanga unaowavuta wadudu, kisha ufungwe kwa kamba au ngozi.

Kutengeneza

Kwa fimbo fupi, urefu wa mkono wa mwanafunzi, yaani sentimita 60 hadi 70, unatosha. Unene uwe kati ya sentimita 2 na 3. Fimbo ndefu isizidi kimo chake. Mti mbichi ukaushwe kivulini, si juani wala juu ya moto, kwa miezi mitatu au zaidi. Ncha zote mbili zipakwe nta au rangi ili zisipasuke. Baadaye zizungushwe, fimbo ipigwe msasa na kupakwa mafuta.

Kabla ya kuitumia, wanafunzi waikague kwa hatua tatu: waiviringishe mezani waone kama imenyooka, waipapase kutafuta ufa na fundo, kisha waigonge taratibu sakafuni. Fimbo nzima hulia kwa sauti kali. Yenye ufa hutoa sauti butu.

Kufundishia

Vipindi vya kwanza vifanywe kwa vikonyo vya majani ya mgomba, ambavyo havigharimu kitu. Mwanafunzi akijua kusimama, kupima umbali na kuzuia mkono wake, ndipo apewe fimbo. Mapigo ya kichwani yasiruhusiwe. Fimbo zikaguliwe kila kipindi, na yenye ufa itiwe jikoni siku hiyo hiyo. Kuifunga kwa utepe ni kuificha hatari. Zote zihesabiwe na kufungiwa stoo baada ya somo.

Liko jambo la mwisho lililo zito. Mtoto wa shule aliizoea fimbo kama chombo cha adhabu kabla ya kuijua kama chombo cha mchezo. Mwalimu akiichukua fimbo ya mazoezi na kumchapia mwanafunzi, hata mara moja, somo lote limeharibika, kwani mtoto hawezi kujifunza kujitawala kwa kitu anachokiogopa. Fimbo hiyo ameikata, ameikausha na ameipiga msasa mwenyewe. Na ibaki yake ya kujifunzia.