Nusukipitishi: Kazi Iliyotangulia Istilahi

Abiria anayesubiri feri Likoni hubeba ndani ya simu yake mabilioni ya transista, ambazo sehemu zake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Nchini Kenya, Anthony Githinji ndiye mwasisi wa Semiconductor Technologies Limited, kampuni ya chipu iliyo katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Mwaka wa 2024 Marekani ilitangaza kufadhili upembuzi yakinifu wa upanuzi wake.

Neno nusukipitishi lafaa: maada hiyo husimama kati ya kipitishi na kihami. Lakini ile hatua ya kuchapa saketi kwa mwanga juu ya kisahani cha silikoni, ambayo ndiyo kiini cha kazi yenyewe, twaiitaje? Kijana wa Changamwe atakayeajiriwa huko ataieleza kwa Kiingereza.